Ngumi ya Taifa na Sinia la Bi Nyamizi

Kwanza tuelewane: nchi hii haipo. Msomaji akiona humu ofisi inayofanana na ile ya mtaani kwake, au kitambi cha kiongozi anachokifahamu, ajue ni macho yake tu, na macho ya mtu aliyechoka huona mengi.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo kulikuwa na Wizara ya Shibe na Vipimo, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Ngwilizi. Udaktari alizawadiwa siku alipofungua kiwanda cha vijiko. Mwaka mmoja Mheshimiwa alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa siku tisa kuhusu mlo kamili. Siku nane alikula. Siku ya tisa alisikiliza, na alichokisikia kilimshtua: kwamba mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, anaweza kupima chakula chake kwa mkono wake mwenyewe. Ugali au wali, ukubwa wa ngumi yake. Nyama, samaki au maharage, ukubwa wa kiganja. Mboga za majani, za kujaza viganja viwili vilivyokingwa pamoja. Mafuta, ncha ya kidole gumba. Na kwa kuwa mtoto ana mkono mdogo, kipimo chake nacho ni kidogo, na akikua kipimo kinakua naye.

Jambo hilo lilikuwa la kweli, jepesi, na la bure. Ndiyo maana Mheshimiwa alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi mkubwa.

"Ndugu zangu," aliwaambia wataalamu wake, "mnaiona hatari? Wananchi milioni kumi na nne wanatembea na vipimo mikononi. Havijasajiliwa, havijakaguliwa, na kila mmoja ana cha kwake! Leo wamejipimia ugali. Kesho watajipimia nini?"

Wataalamu walitikisa vichwa kwa uchungu. Kabla chai haijapoa ilikuwa imeamuliwa kwamba nchi nzima itapimiwa kwa mkono mmoja, nao ni wa Mkuu wa Nchi. Mkuu alichovya mkono katika jasi, kalibu ikatoka, na ngumi ikaonekana ni ya kawaida tu, ukubwa wa chungwa. Washauri waliinamisha macho. Taifa haliwezi kuongozwa na chungwa. Wakaikuza mara moja, wakaikuza tena kwa heshima ya chama, wakaikuza mara ya tatu ili vizazi vijavyo visije vikalalamika, mpaka Ngumi ya Taifa ikafika ukubwa wa kichwa cha mtoto wa miaka miwili. Kiganja cha Taifa nacho kilitoka kimefunguka, kimeelekea juu, vidole vimejikunja kidogo. Wananchi walipokipokea hawakushangaa. Ni mkao waliouzoea.

Kila kaya ilipewa Ngumi moja na Kiganja kimoja, ikatia saini, ikaagizwa iviweke mahali safi. Kipimo kilikuwa hicho hicho kwa mtoto anayeota meno, kwa mponda kokoto, na kwa bibi aliyebakiwa na magego mawili, kwa sababu katiba ilisema wananchi wote ni sawa. Viongozi peke yao ndio waliokuwa na utaratibu wao: ngumi moja kwa kila kamati. Mheshimiwa Ngwilizi alikuwa kwenye kamati kumi na moja, na zote alizihudhuria mezani.

*

Ngumi ya nyumba ya Sikudhani ililetwa siku ya Jumatatu, imefungwa kwenye gazeti lenye picha ya Ngumi.

Sikudhani alikuwa mama wa mtoto mmoja, Mwaija, msichana wa miaka miwili na miezi miwili. Waliishi na mama mkwe, Bi Nyamizi, katika vyumba viwili vyenye ua wa matete. Mume wa Sikudhani aliitwa kwenda kujenga barabara ambayo serikali ilisema italeta chakula. Huu ulikuwa mwaka wa pili, na barabara ilikuwa bado inatafuta mahali pa kuanzia.

Mchana Sikudhani alifua nguo za watu. Jioni alikwenda kisomo, akikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni. Siku za afya aliyefundisha alikuwa Nesi Leokadia wa kliniki, na katika daftari lake Sikudhani alikuwa ameandika, kwa mwandiko alioujivunia, maneno ambayo Mheshimiwa alikuja kuyafuata ng'ambo: *Mkono wako ndio mizani yako. Mkono wa mtoto ndio mizani ya mtoto.* Akapiga mstari chini yake mara mbili. Tangu siku hiyo kila mlo alikamata ngumi ya Mwaija, akaisogeza karibu na tonge, akalinganisha, na Mwaija akacheka akidhani ni mchezo.

Ila mtoto alikuwa mwembamba. Kule kliniki walikuwa na utepe wa kuzungusha juu ya kiwiko: ukisoma kijani, nenda nyumbani, ukisoma nyekundu, wodini. Mwaija alikuwa manjano tangu masika. Kwa hiyo kila Alhamisi alipewa mfuko wa unga wa lishe, mahindi na soya na karanga, na tangu aanze kuunywa uji wake alikuwa amepata nguvu za kupanda juu ya kigoda na kushuka mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa imeegemea mfuko ule. Sikudhani aliweza kukosa vingi, na alivikosa, lakini unga ule hakuthubutu hata kuuota umekosekana.

Bi Nyamizi aliifungua Ngumi, akaigeuzageuza, akainusa.

"Mama Mwaija, hii kitu inanukia karanga."

"Mama, ni jasi hiyo. Wameandika hapa, jasi halisi."

"Mimi pua yangu haijui kusoma."

Asubuhi yake walikuta sisimizi wamejipanga kwenye kidole gumba. Wakawapuliza, wakaipandisha Ngumi juu ya kabati, na Kiganja kando yake, wakaendelea na maisha.

*

Afisa Mpima Kilongola alifika saa saba mchana, saa ambayo mgeni mwenye adabu hujikohoza tangu barabarani. Alikuwa mrefu, mkavu, na mkanda wa sare yake ulikuwa umeongezwa matundu matatu kwa msumari.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Karibu tule!" Bi Nyamizi alikwishasogea mkekani kumpisha. Hakuna aliyelelewa katika mtaa ule ambaye angeweza kusema vingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nawa mikono."

"Asante, niko kazini. Kanuni ya kumi na saba: mpimaji haonji anachokipima."

"Tonge moja tu, nyumba isije ikasema umeikataa."

"Niko kazini, mama," alisema tena, lakini macho yake yalibaki kwenye sinia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kwenye sinia kulikuwa na ugali katikati, mchicha pembeni, na perege mmoja wa watu watatu.

"Ipi ni sehemu ya mtoto?"

"Sehemu ya mtoto ni pale anapofika mkono," alijibu Bi Nyamizi.

"Na yako?"

"Ni pale wasipofika wao."

Kilongola aliandika. Kisha akatoa chaki, akainama, akachora mistari ukingoni mwa sinia, akaendelea kuichora juu ya ugali, mpaka sinia likagawanyika nchi tatu. Akakaa kwenye kigoda, saa mkononi.

"Haya, kuleni kama kawaida."

Kula kama kawaida huku unatazamwa na serikali si kazi ndogo. Mchicha ulivuka mpaka, akaandika. Chembe ya ugali ikaanguka katika nchi isiyo yake, akaandika. Ndipo mkono wa Sikudhani ukamega mnofu wa perege, ukauchambua miiba kwa kidole gumba, ukausukuma taratibu hadi upande wa Mwaija. Ukarudi. Ukamega mwingine, ukasukuma. Sikudhani mwenyewe alikuwa anamtazama afisa. Hakuwa na habari na mkono wake. Ulikuwa ukifanya hivyo tangu mtoto aote meno.

"Simama hapo hapo!" Kilongola aliruka. "Umefanya nini?"

"Nimekula."

"Hujala. Minofu minne ndani ya dakika sita, kutoka sehemu yako kwenda sehemu ya mtoto. Huu ni uhamishaji wa protini bila kibali."

"Ni mwanangu, Bwana Afisa."

"Ndiyo maana nimeandika 'mtoto'. Angekuwa mtu baki ningeandika 'magendo'." Alilowesha kidole, akafunua ukurasa. "Sasa sikiliza. Mtoto huyu anapokea unga wa serikali. Hapo hapo anapokea minofu yako. Kwa hiyo amezidishiwa. Wewe umepungukiwa. Kwa hiyo umedhulumiwa, na aliyekudhulumu ni wewe. Faili linafunguliwa leo, na unga unasimama mpaka lifungwe."

Sikudhani aliliweka tonge chini. "Unga usimame? Bwana Afisa, niandike mimi, nifunge mimi..."

"Amezidishiwa wapi huyu?" Bi Nyamizi alimshika Mwaija mkono, akamwinulia. "Utazame mkono wake! Utazame!"

"Mkono wake si kipimo tena, mama," alisema Kilongola, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Kipimo kiko juu ya kabati."

Akakung'uta chaki, akaaga. Mlangoni alimeza mate.

*

Kwenye mlango wa Ofisi ya Shibe ya Kata palikuwa na tangazo: HUDUMA ZETU NI ZA HARAKA. SUBIRI. Sikudhani alisubiri siku mbili, Mwaija mgongoni. Siku ya tatu alifika dirishani, ambako mama mmoja mnene wa heshima alikuwa anamalizia sambusa ambazo hakuna aliyezipima.

"Unataka Kibali cha Kusukuma Mnofu," alisema yule mama, akifuta vidole kwenye fomu. "Unasukuma mara ngapi kwa mlo mmoja?"

"Sijawahi kuhesabu, dada."

"Kwa vidole vingapi?"

"Vitatu. Labda viwili."

"Amua, mama. Serikali haiwezi kuandika labda. Mpokeaji ameridhia?"

"Anafungua mdomo."

"Kufungua mdomo si saini. Nchi nzima hii inafungua mdomo." Akagonga muhuri, akasukuma fomu kando. "Kibali kinapitia kamati. Miezi tisa, wakikutana."

"Dada yangu, miezi tisa mtoto ataishije? Nihurumie."

Yule mama alimtazama Mwaija, ambaye alikuwa amelala kwa namna wanavyolala watoto wasio na nguvu za kusumbua. Akasogea karibu na dirisha.

"Kuna njia fupi. Jumamosi ya wiki ijayo ni Siku ya Sahani. Mheshimiwa anakuja mwenyewe, na kila kata itoe kaya moja inayokula sawasawa. Kata yetu haijapata. Panda jukwaani, ule kipimo chako chote mbele ya watu, bila kumpa mtu yeyote hata mwiba. Ukimaliza, faili linafungwa palepale na unga unarudi."

"Na mtoto?"

"Atakuwa pembeni yako na sahani yake. Wewe kula tu. Kazi gani hiyo?"

Njia nzima Sikudhani alijiuliza hivyo hivyo: kazi gani hiyo? Njaa alikuwa nayo, tena ya siku nyingi. Alikuwa ameombwa akae, ashibe. Mbona alijisikia kama mtu aliyeambiwa anyanyue nyumba?

Alhamisi alikwenda kliniki akarudi mikono mitupu. Nesi Leokadia aliuzungusha utepe, akaukaza, akaulegeza, akaukaza tena. Bado manjano, lakini kuufikia mstari mwekundu kulikuwa kumebaki upana wa ukucha tu.

"Mama Mwaija," alinong'ona, "hiyo Jumamosi kula. Kula kwa nguvu zako zote."

*

Mazoezi yalifanyika uani, kwa vipande vya muhogo badala ya nyama, na kocha alikuwa Bi Nyamizi.

"Mega. Haya, mdomoni. Mdomoni! Huo ni mdomo wa nani?"

"Wa Mwaija, mama."

"Sasa huyo ndiye aliyeandikiwa faili? Rudia."

Walirudia. Kila mara mkono ulianza vizuri, ukafika nusu ya njia, ukapinda kama mbuzi aliyeona shamba la mtu. Bi Nyamizi akaleta kanga kuukuu, akamfunga kifundo cha mkono, akakaa nyuma yake ameshika ncha. Mkono ukipinda, anavuta. Mwaija alicheka mpaka akapaliwa.

"Nimezaa watoto sita," Bi Nyamizi alihema, "sijapata kumchunga mtu kama ng'ombe ili ale."

Ndipo Sikudhani alipoona ajabu. Alikuwa amegawiwa vipande vitano, ameshavisukuma vyote, na mbele yake palikuwa bado na viwili. Aligeuka. Upande wa mama mkwe wake sinia lilikuwa jeupe.

"Mama! Unanisukumia."

"Mimi? Mimi muhogo siuwezi, sina meno."

"Huu umechemka mpaka umekuwa uji."

Bi Nyamizi aliutazama ua kama vile ameona kitu kwenye matete. "Nilianza ulipokuwa unanyonyesha," alisema. "Halafu nikasahau kuacha."

Sikudhani alikuwa amechoka mno hata kulia. Akacheka, Mwaija naye akacheka, na Bi Nyamizi akawagombeza wote wawili kwamba wanachezea chakula.

*

Siku ya Sahani kiwanja cha kata kilifagiliwa mpaka vumbi likaisha. Katikati ya jukwaa palisimama Ngumi ya Taifa kubwa kuliko zote, ikimkinga kwa kivuli Mheshimiwa Daktari Ngwilizi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wapo wanaosema nchi hii ina njaa. Njaa ni nini? Njaa ni kosa la vipimo! Mtu anayesema ana njaa amejipima vibaya! Mababu zetu walikula bila takwimu, na wako wapi leo? Wamekufa!"

Watu walipiga makofi, maana hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Sahani za Taifa zikaletwa, zenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza, ugali wa ukubwa wa Ngumi. Cha pili, nyama ya ng'ombe iliyotandazwa ukubwa wa Kiganja. Cha tatu, mboga. Cha nne kilikuwa na picha ya papai, ya rangi, kwa kuwa mapapai yenyewe yalikuwa bado kwenye mchakato. Mwaija, aliyewekwa kwenye kiti kirefu, hakuonekana usoni, ugali ulimziba.

Kilongola alisimama kando yao na kitabu chake. Ndiye shahidi pekee wa faili, na hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake.

"Anza!"

Sikudhani alikuwa amejifunga kanga ile ile kifundoni, mwenyewe, kama hirizi. Alikikazia macho kifungo cha koti la Mheshimiwa, akala. Kipande cha kwanza. Cha pili. Umati ulihesabu kwa sauti. Nyama ilikuwa tamu, na utamu huo ulimtia aibu. Hakuwa amekula nyama kiasi hicho tangu siku ya harusi yake. Alisikia upande wake wa kushoto mtoto akihema. Hakugeuka. Cha saba. Cha nane. Kikabaki kimoja. Unga ulikuwa umefika mlangoni.

Ndipo kitu chenye unyevu kikamgusa mdomo.

Mwaija alikuwa amesimama juu ya kiti. Alikuwa amechukua nyama yake mwenyewe, akaitafuna kidogo ili ilainike, na sasa alikuwa anaisukuma katika midomo ya mama yake kwa vidole vitatu, bila haraka, kama mtu anayefanya jambo alilofundishwa siku zote za maisha yake. Kwa kadiri alivyojua yeye, kula ndiko huko.

Umati uliacha kuhesabu. Mwaija akachukua kipande kingine, akatazama kulia na kushoto kuona nani hajapata. Alimwona mtu mrefu amesimama, mdomo wazi nusu.

"Kaibu," alimwambia.

Kilongola alimtazama Mheshimiwa. Akakitazama kitabu. Akaitazama nyama. Kisha, polepole, kama mlingoti unaoanguka, akainama na kuufungua mdomo wote. Alitafuna amefumba macho.

"Afisa!" Mheshimiwa alisimama. "Umekula nini?"

"Kielelezo, Mheshimiwa."

Mwanasheria wa Wizara alimnong'oneza Waziri kwa muda mrefu. Shahidi aliyekula kielelezo hawezi kutoa ushahidi; shahidi mwingine hakuna; faili lisilo na shahidi wala kielelezo haliwezi kubaki wazi, litapigwa na upepo. Mheshimiwa alitazama saa. Kamati ilikuwa inamngoja, na supu hupoa.

"Mmeona wenyewe!" aliutangazia umati. "Chakula kimetosha mpaka kimebaki cha mpimaji! Faili lifungwe!"

Bendi ikapiga.

*

Jumatatu Sikudhani alikwenda ghalani, karatasi mkononi: FAILI LIMEFUNGWA. UNGA URUDISHWE. Mtunza ghala aliisoma, akaipiga muhuri, akaitia saini, akampongeza. Kisha akasema, "Unga umekwisha."

"Umekwenda wapi?"

"Umetekelezwa."

Akamfungulia mlango aone mwenyewe. Ndani hamkuwa na mfuko hata mmoja wenye kitu. Mlikuwa na kalibu za mbao zenye umbo la ngumi, mabeseni ya kukandia, ndoo ya chokaa na brashi zake, na pembeni rundo la magunia matupu, refu kuliko mtu, kila gunia limeandikwa: UNGA WA LISHE. KWA WATOTO WALIO MANJANO NA WALIO WEKUNDU.

"Jasi ilichelewa bandarini," alieleza mtunza ghala, kama anayesema habari za mvua, "na siku ya uzinduzi haikuweza kungoja. Tukakanda, tukaoka."

Sikudhani alisogea hadi kizingitini. Alisimama tu, mtoto mgongoni, akiyasoma maandishi ya magunia mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa amejifunza kusoma na hakuweza tena kutosoma.

Mtunza ghala alimtazama Mwaija. Akatazama nje. "Chokaa ni ya juu juu tu," alisema kwa sauti ndogo, akafunga mlango.

Nyumbani, Bi Nyamizi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Pua yangu haijui kusoma," alisema, "lakini nilisema."

Akaishusha Ngumi. Sikudhani aliikwangua kwa kisu, na chini ya weupe ikatokea rangi ya kahawia na harufu ya karanga na soya iliyojaza chumba. Alisita. Alikuwa mtu wa kisomo, alijua mali ya serikali ni nini. Mwaija alikuwa amekaa chini karibu na kinu, hakupanda kigoda siku hizo.

Akaitumbukiza kinuni. Pigo la kwanza ilipasuka kati ya kidole gumba na vile vingine. La pili ikafunguka. Baada ya hapo ilikuwa unga tu, kama unga mwingine. Waliutwanga, wakauchekecha mara mbili, wakaupika hadi ukatokota sana. Na kabla ya kupika Sikudhani alifungua daftari, akakikamata kiganja cha Mwaija, akachota unga kwa kipimo cha mkono ule ule mdogo, kama alivyofundishwa. Kumbe Ngumi moja ya Taifa ilikuwa na ngumi nyingi sana za mtoto. Ilipokwisha, Kiganja nacho kikaingia kinuni.

Kesho yake jirani aliuliza juu ya ua, "Mama Mwaija, mbona kwenu kunanukia hivyo?" Bi Nyamizi akamjibu kwa maneno machache, tena kwa sauti ambayo ua wa tatu pia ungeweza kuisikia.

*

Kilongola alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa bado kazini, kwa kuwa kumfukuza kulihitaji shahidi. Mkanda wake ulikuwa na tundu la nne.

"Hodi."

"Karibu! Karibu tunywe uji."

"Shikamoo, mama." Macho yake yalipanda juu ya kabati. Palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi alama mbili safi: moja ya duara, moja ya vidole vitano. "Ngumi ya Taifa iko wapi?"

Bi Nyamizi alikoroga uji. Sikudhani aliificha mikono yake chini ya kanga kana kwamba ndiyo itakayosema. Alhamisi iliyopita utepe ulikuwa umegusa kijani. Umegusa tu, Nesi Leokadia alisema, usipige vigelegele bado. Akafikiria utepe huo ukirudi nyuma.

Mwaija alishuka kwenye kigoda, akavuka mkeka na kikombe mikononi.

"Kaibu."

Harufu ilimfika Kilongola kabla ya kikombe, naye aliijua. Alikuwa amebeba Ngumi mia mbili mlango kwa mlango. Kisha akavua kofia, akanawa mikono, akakaa mkekani, na kanuni ya kumi na saba ikanywewa pamoja na uji. Nje, ng'ambo ya ua, kinu kililia. Cha nyumba ya pili kikaitikia. Na cha tatu, mbali kidogo. Alisikiliza vyote akiwa ameshikilia kikombe kwa mikono miwili.

Alipomaliza alifungua kitabu, akaandika, na kwa kuwa sheria ilimtaka asome kwa sauti, akasoma:

"Ngumi ya Taifa imekaguliwa katika kaya hii, na imekutwa ikitumika."

Akachana nakala, akampa Sikudhani, akashukuru kwa uji, akaenda nyumba ya pili kuandika vivyo hivyo.

Sikudhani aliikunja nakala, akaiweka kwenye daftari, kwenye ule ukurasa wenye mistari miwili. Kikombe kilikuwa kimeletwa tena, kina uji kidogo chini. Akakisukuma kwa Mwaija. Mwaija akakisukuma kwa bibi yake. Bi Nyamizi akakisukuma kwa Sikudhani, akakishikilia pale pale mpaka Sikudhani akanywa.